Ngwali Ashuhudiwa Kuwa Mtu Mwema

Namshukuru Mola aliyetupa macho ya kuonea na subira ya kunyamazia, kisha nasimulia.

Iko nchi. Jina lake silitaji, kwa kuwa wakati ninaandika haya wenyewe walikuwa wamelipeleka kusafishwa, na halijarudi. Nchi hiyo ilipenda usafi kuliko nchi zote zilizotandazwa chini ya mbingu. Mtawala wake, aitwaye Mlezi wa Taifa, hakuwa na doa hata moja. Na aliyedai kuliona doa alichukuliwa akapimwe macho, na familia yake ikashauriwa isimngoje kwa chakula. Kila asubuhi, kabla ya habari, redio ilighani ubeti uliotungwa na kamati:

Taifa letu ni safi, halina doa na taka,
Mlezi wetu latifi, machafu ameyazika,
Kura yataka wasafi, wakosaji twawepuka,
Na tupigeni makofi, Mlezi ataridhika.

Mizani imetimia na vina vimekaa. Sina la kuongeza.

Kwa kuupenda huo usafi, ikatungwa sheria kwamba aliyepata kutiwa hatiani, kwa kosa kubwa au dogo, hapigi kura maisha yake yote. Amalize kifungo, asimalize, atubu, asitubu, kura yake imekwisha najisika na hakuna maji ya kuitoharisha. "Sanduku la kura," alisema Mheshimiwa Dakta Luwali Pazia, Waziri wa Utakaso wa Kura, "ni kama msala. Haturuhusu mtu aukanyage kwa viatu." Maneno hayo yalipigiwa makofi mengi, ingawa Waziri aliyasema msikitini petu, akiwa amesimama juu ya busati, na viatu vyake miguuni.

Sisi tuliosomeshwa kwamba mja akitubu huwa kama asiyewahi kukosa, tulidhani hapo pana mushkeli. Tukaeleweshwa kwa upole kwamba hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu, na Mwenyezi Mungu hana Wizara.

*

Ikawa makosa yanaongezeka, kwa sababu sheria zilikuwa zinaongezeka. Palikuwa na kosa la kutema mate kuelekea upande wa ikulu, na ikulu ilikuwa mlimani, ikionekana pande zote. Palikuwa na kosa la kuanika nguo siku ya gwaride, na la kupiga chafya katikati ya hotuba. Mahakama zilifanya kazi kwa bidii, hata mgeni aliyeingia kuulizia njia alitoka na hatia. Katika mtaa wa Kisimani, ambao ndio mtaa wa kisa hiki, hapakubakia mwenye haki ya kura ila sheha aliyeuongoza mtaa, wake wa sheha, na marehemu.

Naam, marehemu. Katika nchi hiyo maiti hafutwi katika daftari la wapigakura. Kumfuta huhesabiwa kuwa ni utovu wa adabu. Na ukifikiri, maiti hatemi mate, hapigi chafya, wala hana pa kuanika nguo. Ndiye raia msafi kuliko wote. Zaidi ya hayo, kifo huifuta hatia yote, maana hakimu hana pa kumpelekea hati. Kwa hiyo pamewekwa afisa maalumu, Wakala wa Marehemu, ambaye siku ya uchaguzi huamka mapema, akatia udhu wa wino, akawapigia wafu kura zao. Wafu hawajapata kumpinga Mlezi hata mara moja.

*

Sasa nimtaje Ngwali bin Shaame, mwoka mikate ya mofa. Huyu hakuhukumiwa kwa chafya. Huyu aliiba kweli. Katika mwaka wa njaa, unga ulipofungiwa katika ghala ya serikali ukingoja kuzinduliwa na Mlezi, Ngwali alivunja mlango wa ghala akatoka na gunia, akaoka, akawagawia mtaa mzima. Tulikula. Hakuna aliyeuliza unga umetoka wapi. Tulisema tu kwamba mikate ya siku hiyo ilikuwa laini. Alipokamatwa alikiri, akafungwa, akamaliza kifungo chake, akarudi tanurini mwake akiwa amekonda na mpole.

Mamake, Allah amrehemu, ndiye aliyechimbisha kisima cha mtaa na kukifanya wakfu: maji ya kila mwenye kiu, hayauzwi, hayarithiwi, hayazungushiwi ukuta. Siku moja ikabandikwa tangazo ukutani mwa mahakama kwamba wananchi wa Kisimani watapiga kura kuamua ikiwa kisima kizungushiwe ua na kukabidhiwa shemeji yake Waziri, ili maji yapate ulinzi.

Ngwali alisoma, akasoma tena, akaja kibarazani kwetu mikono ina unga.

"Jamani," akasema, "mama yangu aliuza bangili zake kwa kisima kile. Nipeni njia nipige kura hii moja tu. Hii moja, kisha wanifunge tena wakitaka."

"Ngwali," akamjibu sheha, akipepea kawa usoni, "wewe mwizi bwana. Mwizi hapigi kura."

"Na mkate ulioula, sheha?"

"Mimi niliula kwa nia njema."

*

Hapo Mola akaleta sababu. Walikuja wageni kutoka nchi za mbali, wenye makoti na kamera, wakauliza kwa nini foleni za kura katika nchi hii hazina watu. Waziri Pazia akaona haya, jambo lisilo la kawaida yake, akaahidi kufungua mlango wa msamaha.

Ikumbukwe kwamba Waziri alilelewa ng'ambo na mila zetu alizijua kwa kuzisikia. Mazishi aliyahudhuria mara moja tu, ya mchinjaji mmoja wa sokoni, na alikaa ndani ya gari yake, kioo kimeteremshwa kidogo. Akamsikia imamu akiuliza, "Mnamshuhudia vipi huyu?" na umma mzima ukaitika kwa sauti moja, "Mtu mwema!" Akauliza tena, wakaitika tena, na mara ya tatu hivyo hivyo. Waziri alitetemeka kwa furaha. Alikuwa hajapata kusikia watu wa nchi ile wakikubaliana bila ya askari kuwapo. Aliyelala katika jeneza hakumwona, maana watu walikuwa wamesongamana. Akadhani kwamba hiyo ndiyo njia yetu ya kumsifu mtu.

Basi sheria ikatoka, na yeye mwenyewe akaisoma redioni: "Aliyetiwa hatiani atarudishiwa kura yake pindi jirani zake watakapokusanyika mbele ya imamu, wakaulizwa, nao wakaitika mara tatu kwamba yeye ni mtu mwema. Atakayepinga sheria hii atapoteza kura aliyokuwa hana."

*

Ngwali akaja mbio. Alitupata tumetoka kuswali alasiri.

"Mmesikia? Semeni basi! Maalim Zubeiri uko, jirani mko, mimi niko. Niulizieni."

Tukatazamana. Maalim Zubeiri, imamu wetu, akakohoa.

"Ngwali mwanangu, ushuhuda ule husemwa juu ya maiti."

"Sheria haikusema maiti."

"Sheria haijui. Sisi tunajua." Akamwekea mkono begani. "Nikikuulizia ukiwa umesimama hapa, watu watasema namfukuza duniani."

Akamgeukia mmoja mmoja. Hakuna aliyemchukia, bali ulimi ulikuwa mzito.

"Mimi nakupenda sana," akasema muuza mkaa. "Kwa kukupenda huko, nangoja ufe."

"Ukifa leo hii nitaitika mpaka sauti inikauke," akasema mwingine. "Lakini uko hai, Ngwali. Utanifanya mchawi."

Mkewe, Bi Mize, alikuwa amefika nyuma yetu, kitambaa cha tanuri bado kichwani. "Msithubutu!" akapiga ukelele. "Mume wangu hajala hata chakula cha mchana, nyinyi mnataka kumsomea buriani?"

"Mize, ni kwa ajili ya kisima."

"Kisima kina kina, na wewe una watoto!"

Ngwali alikaa juu ya ngazi ya msikiti, mgongo umepinda. Kura ilikuwa karibu. Mafundi wa shemeji yake Waziri walikwisha shusha mabati na misumari kando ya kisima, kwa kuwa walikuwa na imani na matokeo. Kila nyundo ilipogonga kwa majaribio, Ngwali alishtuka.

Akainuka ghafla. "Maalim, jeneza liko wapi?"

*

Maalim Zubeiri alikataa kwanza, na akakataa pili. Swala ya maiti juu ya aliye hai ni mchezo, na dini si mchezo. "Swala sikuswalii," akasema hatimaye, baada ya kuvuta ndevu muda mrefu. "Lakini ushuhuda si swala. Ni neno la jirani kwa jirani. Na sijaona kitabu kinachomzuia mtu kulala anapotaka."

Basi tukaliteremsha jeneza la msikiti, Ngwali akapanda akalala, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Karani wa Wizara akaitwa, akaja na mhuri wake. Watoto walicheka, Bi Mize alilia, na sisi, tulipomwona amelala pale, ulimi uliokuwa mzito ukaanza kulainika. Hivyo ndivyo tulivyozoea. Mtu lazima alale ndipo tuuone wema wake.

"Mnamshuhudia vipi huyu?" akauliza Maalim.

Kabla hatujaitika, pakatokea sauti nyuma ya safu. "Ngojeni."

Alikuwa Mzee Mjaka, aliyekuwa mlinzi wa ghala. Usiku ule wa wizi yeye alilala zamuni. Walimpiga mpaka mguu ukakataa kunyooka, wakamfukuza kazi, naye tangu hapo hakupita mlangoni kwa Ngwali wala hakuutia mkate wake kinywani. Akaja akijivuta mpaka penye jeneza.

"Fumbua macho," akasema.

Ngwali akafumbua.

"Siku ile ungeniambia, ningekufungulia mlango mwenyewe. Nilikuwa na njaa kama wewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa, Mzee Mjaka."

"Mguu wangu huu ni wako."

"Najua. Kila ninapopita njia ya nyuma ni kwa kukwepa kuuona mguu huo." Machozi yalimtoka Ngwali yakaingia masikioni, maana alikuwa amelala chali. "Niwie radhi. Sikuja kwako kwa kuwa sikuwa na uso. Niwie radhi, si kwa ajili ya kura."

Mzee Mjaka akasimama akiegemea ubao wa jeneza. Karani akatazama saa yake.

"Mtu mwema," akasema Mzee Mjaka, kwa sauti ndogo.

"Mnamshuhudia vipi?"

"Mtu mwema!" tukaitika sote.

"Mnamshuhudia vipi?"

"Mtu mwema!"

Nimehudhuria mazishi ya masharifu na ya matajiri, na wallahi sijasikia ushuhuda uliotoka vifuani kama ule. Karani akagonga mhuri. Ngwali akashuka, akakumbatiana na Mzee Mjaka, na siku hiyo mzee akaula mkate wa tanuri lile.

*

Siku ya kura Ngwali alivaa kanzu ya Idi, akajipaka mafuta mazuri, akatangulia kituoni kabla ya milango kufunguliwa. Karani yule yule wa mhuri akamtazama, akatazama daftari, akamtazama tena.

"Bwana Ngwali bin Shaame. Umeshapiga."

"Nimepigaje na ndio kwanza nafika?"

"Ulipigiwa alfajiri, na Wakala wa Marehemu." Akamgeuzia daftari kwa heshima. "Si ulishuhudiwa? Jenezani? Imamu akiwepo? Katika Wizara yetu mtu wa namna hiyo tunamwandika marehemu. Hatuna safu nyingine."

"Lakini mimi niko hai! Si unaniona?"

"Nakuona, shehe. Kukuona si kazi yangu, nakuona kwa hisani tu."

"Basi nifute katika wafu unirudishe katika walio hai."

"Nikikurudisha, unarudi na hatia yako. Na mwenye hatia hapigi kura." Karani alikuwa kijana mwenye huruma; akapunguza sauti. "Baki ulipo, mzee wangu. Kule una kura."

"Na nimepiga vipi?"

"Umekubali ua ujengwe. Marehemu wote mmekubali. Hongereni."

Kabla ya adhuhuri nyundo zililia. Jioni kisima cha mamake Ngwali kilikuwa kimezungushiwa bati, kina mlango, na mlango una kufuli. Waziri Pazia mwenyewe alikuja kukifungua, yaani kukifunga, akahutubia: "Leo watu wa Kisimani wamejiamulia wenyewe, walio hai na walio katika mapumziko. Huu ni ukomavu." Shemeji yake akamkabidhi bilauri ya kwanza ya maji, akainywa mbele ya kamera.

*

Ngwali hakulala, hakuoka, hakutulia pahala. Alizunguka mtaani akiongea peke yake. Siku ya pili yake akachukua ndoo ya mamake na nyundo ya tanurini, akaenda, akaipiga kufuli mpaka ikaanguka, akateka maji, akawagawia watu kama alivyowagawia mkate.

Askari wakamkamata papo hapo, wakamfikisha kwa hakimu. Hakimu akafungua faili, akalifunga, akavua miwani.

"Mtu huyu amekufa," akasema.

"Mheshimiwa hakimu, amesimama kizimbani."

"Ninayo hati ya Wizara, yenye mhuri. Je, mnataka niihukumu maiti? Nitamfunga wapi? Atakula nini? Na akimaliza kifungo nimwachilie arudi wapi?" Akamtazama Ngwali kwa hasira ya mtu aliyechelewa kula. "Marehemu, toka mahakamani mwangu."

Ngwali akatoka na ndoo yake.

Habari hiyo ilienea kuliko hotuba yoyote ya redio. Kabla ya Ijumaa kupita, foleni ilikuwa imetoka mlangoni mwa msikiti hata sokoni. Muuza mkaa alilala, akashuhudiwa, akashuka. Mzee Mjaka alilala na mguu wake. Bi Mize, aliyelia kwanza, aliwapanga wanawake kwa zamu, na jeneza likakaliwa mpaka ubao ukang'aa. Kila aliyeshuka alikwenda kisimani akateka maji, akatema mate alikotaka, akaanika nguo zake siku ya gwaride. Kilele cha mambo, hata sheha alikuja, akisema ana kiu.

Siku ya gwaride lenyewe Mlezi alisimama jukwaani, na mtaa mzima ulikuwapo, na hakuna aliyepiga makofi. Akauliza kwa nini. Akaambiwa kwa ukweli kwamba wamekufa. Redio ilitangaza jioni kwamba gwaride lilihudhuriwa kwa utulivu usio na mfano. Na uchaguzi uliofuata, Mlezi alipata kura zote za Kisimani bila kupungua hata moja, akatuma salamu za pongezi. Hatukuwa na mdomo wa kuzipokea.

*

Katika nchi hiyo mawaziri hawadumu. Ukafika wakati, ikaonekana kwamba Dakta Luwali Pazia ndiye mwenye kosa la makofi kutopigwa. Akatiwa hatiani kwa uzembe wa utakaso, akavuliwa gari, akafungwa kidogo, akaachiwa, naye akaja kukaa Kisimani kwa kuwa nyumba ya shemeji yake ndiyo pekee iliyokuwa wazi. Shemeji alikuwa amekimbia. Wakati huo Wizara mpya ilikuwa imetangaza kura nyingine ya kisima: si ua tena, bali kukifukia kabisa, ili wafu wakose pa kunywea.

Dakta Pazia alikuja msikitini akiwa peku. Hilo tuliliona sote. Akamwomba Maalim Zubeiri jeneza.

"Nataka kuipinga kura hii," akasema. "Nimekaa hapa, nimekunywa hayo maji. Nirudishieni kura yangu. Sheria ni yangu mwenyewe, naijua."

Akalala, akafumba macho. Karani, ambaye siku hizo alikuwa na haraka kwa kuwa uchaguzi ulikuwa siku ile ile, akagonga mhuri mara tu mgongo wake ulipogusa ubao, akaituma hati kwa Wakala wa Marehemu.

"Mnamshuhudia vipi huyu?" akauliza Maalim.

Hakuna aliyeitika.

"Mnamshuhudia vipi huyu?"

Dakta Pazia akafumbua jicho moja. "Ndugu zangu," akanong'ona, "semeni. Semeni hata uongo."

"Mheshimiwa," akasema muuza mkaa taratibu, "sisi ni marehemu. Maiti hatoi ushuhuda."

Maalim hakuuliza mara ya tatu. Ngwali akatoka safuni, akaenda kisimani, akarudi na kata imejaa. Akamwinua Waziri kwa mkono mmoja, kama anavyoinuliwa mgonjwa, akamnywesha.

"Kunywa, bwana," akamwambia. "Wakfu haumuulizi mtu amehukumiwa au hakuhukumiwa."

Dakta Pazia akanywa mpaka maji yakamwagikia kifuani. Kisha akamshika Ngwali mkono, asimwachie.

"Na kura yangu?" akauliza. "Kura yangu, je?"

Kwa mbali, upande wa kisima, toroli la mchanga la kwanza lilikuwa likisukumwa, gurudumu linalia.

"Imeshapigwa, mheshimiwa," akasema Ngwali. "Pamoja na zetu."

Hapa kalamu inakoma. Aliyeelewa amwombee Ngwali afya, na aliyedhani nimesema habari za nchi nyingine, Mola amzidishie usingizi.